Magamba ya Trauti

Nilipokuwa kijana wa shahada moja na suruali mbili, niliongoza chama cha uvuvi ambacho kwa mwaka mzima na zaidi hakikuwa kimevua samaki hata mmoja. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni siku tuliyomvua.

Chama chenyewe kilizaliwa kwa bahati mbaya. Mzungu aliyekuwa akisimamia mambo ya chai upande wetu wa Nyamira alirudi kwao miaka michache baada ya Uhuru, akaniachia fimbo sita za kuvulia, kopo la ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na inzi, na masomo manne ya kurusha mshipi. Alinichagua mimi, nadhani, kwa kuwa ndiye mwalimu pekee aliyemsikiliza bila kucheka. Uvuvi wake haukuwa wa kuketi na mnyoo. Unasimama, unarusha mshipi nyuma ya kichwa, unasubiri unyooke wote hewani, kisha unauleta mbele utue juu ya maji kama jani. Ukiharakisha, unajifunga shingo mwenyewe. Nilijifunga mara nyingi.

Mto wenye samaki waliohusika, trauti, ulikuwa mbali, juu kule kwenye baridi upande wa Kericho. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa mpira Sironga, tukilenga makarai yaliyopangwa juu ya nyasi. Ndoana tulizikata ncha, yakabaki manyoya. Wapita njia walisimama kututazama kama watu wanavyotazama lori lililoanguka mtaroni. Mama mmoja aliuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, ikiwa tunafukuza nyuki.

Wanachama wa kudumu walikuwa watatu. Wa kwanza ni fundi cherehani, Mwislamu wa Kisii mjini, aliyekuja kwa pikipiki na shati lililopigwa pasi; mkono wake ulikuwa mwepesi, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Wa pili ni mkunga wa zahanati, tuliyemwita Sista. Wa tatu ni mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima wa chai, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba mawe. Na kweli alikuwa ameyabeba. Kanisa jipya la kilimani lilijengwa kwa mawe aliyoyachonga yeye na wanawe, na mwezi huo alikuwa amekabidhiwa ufunguo. Siku ya kuliweka wakfu ndiye angefungua mlango mbele ya watu wote. Ufunguo alitembea nao, umefungwa kwa kamba ya katani ndani ya koti, na wakati wa kurusha aliugusa kwanza.

Alirusha kama anayemchapa fahali. Nilimweleza kwa lugha ya chuo kikuu mambo ya mwendo na mizani, naye akaitikia kwa adabu, kisha akachapa tena.

"Mzee, fahali ameshakufa huyo," fundi alisema. "Mwache apumzike."

Sista ndiye aliyemponya. Alisimama kando yake akasema, akimwita baba kwa lugha yetu, "Tata, ngoja. Usisukume kabla ya wakati. Haya, ngoja, ngoja. Sasa."

Mshipi ukanyooka, ukatua ndani ya karai. Maneno hayo Sista alikuwa akiyasema kila siku kazini. Kuanzia hapo mwalimu wa chama alikuwa yeye, mimi nikabaki mwenyekiti, cheo kinachomfaa mtu asiyeweza kitu.

Jumapili moja tuliazima pikapu tukaenda mtoni. Tulirusha asubuhi nzima bila dalili yoyote, na nilikuwa nimeanza kuandaa hotuba kuhusu thamani ya uvumilivu, mara mzee akapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Fimbo ilikuwa imepinda hadi majini. Sote tulipigwa na butwaa. Hakuna aliyejua kinachofuata, maana kwenye nyasi karai halikuwahi kuvuta. Mwishowe mzee aliitupa fimbo, akaukokota mshipi kwa mikono, na samaki akaanguka kwenye majani akirukaruka, ana madoadoa, anang'aa kama sabuni mpya.

Tulimchoma papo hapo. Lakini kabla hajawekwa motoni, mzee alimshika mkononi akaniuliza, "Mwalimu, huyu ana magamba?"

Swali hilo si dogo kwa Msabato. Samaki mwenye mapezi na magamba huliwa. Asiye na magamba, kama kambare, ni najisi. Mimi nilikulia katika nyumba ya Wasabato na nilijua uzito wake. Nilimtazama yule samaki. Sikuona gamba hata moja. Lakini nilikuwa na shahada, na ya historia, na mtu mwenye shahada ya historia huona aibu kusema hajui kitu cha samaki.

"Anayo, Mzee," nikasema. "Samaki wa maji baridi wote wanayo."

Nilibuni hapo hapo. Mzee alipitisha kidole gumba ubavuni mwa samaki, kutoka kichwani hadi mkiani, akanitazama kidogo, akamrudishia fundi amchome. Alikula nusu nzima na vidole akavilamba.

Siku ya nne alikuja nyumbani kwangu kabla ya kengele ya shule. Hakutaka kuketi.

"Nilimsimulia mama watoto jinsi nilivyomvua," alisema. "Akaniuliza magamba niliyaparua na nini. Nikamwambia sikuparua kitu. Sasa maneno yamefika hadi Ikonge. Wanasema mzee wa kanisa amekula kambare. Baraza linakaa Jumapili. Wakiona nimekula najisi, nitarudisha ufunguo."

Mtu aliyechonga mawe miaka mitatu angesimama nje ya mlango wake mwenyewe kwa sababu mimi niliogopa kusema neno moja: sijui.

Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa sayansi anisaidie. Alisema yeye alisomea mimea. Ikabaki njia moja, kumpata trauti mwingine na kumwangalia. Jumapili alfajiri mimi, fundi na Sista tulikuwa mtoni. Mimi nilinasa mti, kofia ya fundi, kisha mti uleule. Fundi alirusha hadi shati lake la pasi likalowa. Sista alirusha bila haraka, midomo ikichezacheza, ngoja, ngoja, na jua lilipokuwa limepanda akamtoa mmoja, mdogo kama kiganja.

"Kisu," alisema.

Alimparua kinyume, kutoka mkiani kwenda kichwani, akauinua ubapa wa kisu kwenye mwanga. Tulisogeza vichwa vitatu pamoja. Juu ya chuma palikuwa na vijipande vyembamba mno, vya duara, kama unga wa kioo. Magamba. Nilikuwa nimesema kweli bila kujua, na sijawahi kuonea ukweli haya namna ile.

"Bwana Mwalimu," fundi alisema, "siku nyingine ukibuni, weka na dau la pesa."

Tulifunga samaki kwa majani mabichi ya mgomba tukakimbilia kanisani. Baraza lilikuwa limeketi kwenye benchi mpya, wazee saba na mama wawili. Mzee wetu alikuwa amesimama mbele yao. Nilieleza, Sista akaparua upande wa pili wa samaki, kisu kikazungushwa mkono kwa mkono hadi dirishani. Mwenyekiti wa baraza alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Ni magamba," alisema. "Ni madogo, lakini Mungu hakutaja ukubwa. Ndugu zangu, jambo limekwisha."

Watu wakaanza kuinuka. Mimi tayari nilikuwa natabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Halijakwisha," mzee alisema.

Alitoa ufunguo ndani ya koti, akaulaza mezani kando ya samaki.

"Siku ile sikuyaona haya. Nilipitisha kidole, kidole kikaniambia huyu hana kitu. Mwalimu akasema anayo. Nikajua hajui. Nimemjua tangu akiwa mtoto, akibuni anakuna sikio. Nilikula kwa sababu nilimvua mwenyewe na nilimtamani. Kwa hiyo nilikula najisi, hata kama samaki alikuwa safi."

Nilishusha mkono wangu. Ulikuwa sikioni.

Baraza lilibishana hadi giza likakaribia. Mama mmoja alilia. Mwishoni wakafanya alichoomba: miezi mitatu bila cheo, na mlango ukafunguliwa na mtu mwingine. Siku ya wakfu nilihudhuria, mimi ambaye kanisani nilionekana kwenye mazishi tu. Nilimkuta nyuma kabisa ya umati, amevaa koti lilelile, anatazama wageni wakipapasa mawe yake na kuyasifu. Nikasimama karibu naye. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kuomba radhi, yana aya tatu. Mlango ulipofunguliwa bawaba zililia, naye akakunja uso.

"Niliwaambia watie mafuta," alinong'ona.

"Mzee," nilianza, "siku ile mtoni mimi..."

"Kesho tunakwenda?"

"Wapi?"

"Mtoni. Kesho si Jumapili?"

Nilimtazama. Nilidhani fimbo zangu hangezigusa tena maisha yake yote.

"Tutakwenda," nilisema.

"Vizuri. Samaki nitamwangalia mimi," alisema, akianza kusogea na umati kuelekea ndani. "Wewe njoo na kisu."