Majina Kumi na Matatu

Gakii alikuwa muuguzi Doha, mwaka wake wa saba sasa mjini humo, na besiboli aliijua kwa sababu moja tu: mdogo wake, Tom, alikuwa mrushaji mpira hodari kuliko wote kwao Meru. Vyuo viwili vya Marekani, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vyote vya kozi za miaka miwili, vilipomtaka Tom, alimtumia dada yake barua zote. "Nisaidie kuchagua," akaandika, ingawa moyo wake ulishaangukia kile chuo kikubwa.

Ijumaa hiyo, baada ya ibada ya kanisani Mesaimeer, Gakii alirudi chumbani kwake mtaa wa Najma, akafungua orodha za wachezaji wa vyuo vyote viwili, za mwaka huu na za mwaka uliopita, akazilinganisha jina kwa jina. Katika chuo kikubwa, warushaji wapya wa mwaka jana walikuwa kumi na wanane. Waliorudi ni watano.

Akampigia kocha wa chuo hicho. "Wale kumi na watatu walienda wapi?"

"Huu ni mchezo wa ushindani, dada," kocha akajibu, kisha akaanza kuusifia uwanja mpya.

Gakii aliwahi kusikia sauti laini kama hiyo. Wakala aliyemleta Doha alimwahidi kazi ya wodini. Alipofika akapelekwa kupiga deki nyumba ya watu, na ikapita miaka miwili kabla hajavaa sare ya uuguzi. Hakuwa amemuuliza yeyote wale waliomtangulia waliishia wapi.

Safari hii alimtafuta mmoja wa wale kumi na watatu, Mganda aitwaye Arnold, akampata kwa simu.

"Walinitoa kikosini Oktoba," Arnold alisema. "Mama bado anadhani nacheza."

Tom aliposikia aliwaka. "Dada, unaniziba njia!" Wiki tatu hakupokea simu. Kisha akapiga mwenyewe, sauti iko chini. Alikuwa amezungumza na Arnold. Akaenda chuo kidogo, chenye warushaji tisa, sita wakiwa wanamaliza na kuacha nafasi.

Alicheza msimu mmoja. Wa pili, kiwiko kiliumia, daktari akamwambia asirushe tena. Chuo hakikumfukuza, alisoma hadi akapata stashahada. Lakini Gakii alijiuliza mara nyingi kama kule kwenye chuo kikubwa wangeuokoa ule mkono.

Siku ya mahafali alimpigia. "Huwa unanilaumu?"

"Siku nyingine, ndiyo," Tom akasema. "Leo, hapana."