Mkono wa Hildegarda Uliorudi Mezani

Hildegarda ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wa Mikumi wanajua mambo ya watu kuliko hata mwenyekiti wa mtaa. Anajua nani ameongezeka kiuno, nani ana mimba ambayo mama yake hajaambiwa, na sare ya mtoto wa nani imekatwa kwenye gauni la dada yake. Siri zote hizo alizitunza vizuri tu. Iliyomshinda kuitunza ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Alizaliwa Ulaya. Watu wa mbali wakisikia hivyo wanamtazama juu mpaka chini, wanadhani kazaliwa kwa Wazungu. Naye hucheka, "Ulaya ya Kilosa jamani, ya baiskeli na vumbi." Aliolewa Mikumi, akafiwa na mume, akabaki na cherehani yake na watoto wawili ambao sasa ni wakubwa. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa imepoa, akajiunga na Klabu ya Tushikane.

Klabu yenyewe ina watu kumi na wanane. Kila Jumatano jioni wanakutana kwenye ukumbi wa kata. Wanafagia zahanati, wanapanda miti shuleni, na kila mwaka wanamchagua kijana mmoja aliyeanzisha biashara yake. Anapewa kibanda cha bati pale stendi, chenye umeme, akitumie mwaka mzima. Tena anakuwa nahodha wa vijana wote wa klabu, awafundishe wenzake na kuwasemea mbele ya wakubwa. Kwa hiyo kibanda kile si kibanda tu. Kijana akikipata, hata wazee wanaanza kumwita kwa jina.

Mwaka huu waliofika mwisho walikuwa wawili. Wa kuwasaili walikuwa watatu: mwenyekiti wa klabu Mzee Lupakisyo, mwalimu mstaafu aliyetoka Tukuyu na kuhamia hapa juzijuzi tu; Loveth, dada wa mjini Morogoro aliyefungua saluni hapa, hata mwaka hajamaliza; na Hildegarda. Kila mmoja alikuwa na fomu. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa KUJIAMINI, na chini yake kwa herufi ndogo: anasalimia kwa sauti, anatazama watu usoni.

Wa kwanza kuingia alikuwa Deogratias wa Malolo, muuza vitunguu. Alianza salamu akiwa bado mlangoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Mimi usiniamkie," Loveth akasema, "utanizeesha bure."

"Basi mambo, dada."

"Poa. Hapo sawa."

Wakacheka wote. Deogratias akaeleza vitunguu vyake, jinsi anavyovifunga kwenye vyavu na kuwauzia abiria wa mabasi, na vijana watatu anaowatuma. Alisema vizuri. Hakuna aliyeweza kusema kijana yule hafai.

Kisha akaingia Naisenya.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, shuka lake la buluu limepigwa pasi. Hakusema kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mzee Lupakisyo, akainamisha kichwa, akasimama hivyo hivyo. Mzee akautazama ule utosi kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Naisenya akasubiri, akasogea mbele ya Loveth, akainama. Akasubiri. Akaja mbele ya Hildegarda.

Na hapo ndipo penyewe, kwa sababu Hildegarda alijua.

Alipokuwa mtoto kule Ulaya, ng'ambo ya korongo palikuwa na boma la mama mmoja wa kifugaji aliyeitwa Seleina. Alikuwa akija kwao na kibuyu cha maziwa, anaondoka na mahindi. Watoto wakimwona wanakimbia kumpelekea vichwa, naye anawagusa mmoja mmoja utosini. Hiyo ndiyo marahaba yao. Mtoto hainui kichwa mpaka aguswe, na siku moja Seleina alipomsahau Hildegarda, alilia mpaka mama yule akageuka njiani kurudi kumgusa. Kwa hiyo binti aliyesimama mbele yake hakuinama kwa haya wala kwa woga. Alikuwa amewapa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na wale wawili walikuwa wameiacha ikining'inia.

Mkono wa Hildegarda ulinyanyuka kutoka mezani. Ni kweli, ulinyanyuka.

Halafu akakumbuka mahindi. Mwaka juzi ng'ombe waliingia shamba la baba yake alfajiri, wakala mahindi, wakakanyaga maboga, wakaondoka. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyejua. Baba yake alilala na presha wiki mbili, na alipoinuka hakuwa yule yule. Tangu siku hiyo Hildegarda akiona shuka la mfugaji, anayaona maboga yale.

Mkono ukarudi mezani. Ukachukua kalamu.

"Inua kichwa, mdogo wangu," Loveth akasema. "Hapa si msibani."

Naisenya akainua kichwa mwenyewe. Kuanzia hapo sauti yake ikawa ndogo. Alieleza kwamba anakusanya maziwa kwa wanawake kumi na mmoja, anayachemsha, anayagandisha kuwa mtindi na kuuza stendi, ila bila friji ikifika saa saba mchana jua limeshayaharibu. Walipomuuliza nani kiongozi wa hao wanawake, alisema, "Tunashauriana." Alisema huku anatazama meza.

Alipotoka, Mzee Lupakisyo akavua miwani. "Biashara nzuri. Lakini binti hana salamu, na hajiamini. Ataongozaje wenzake? Mama Hilda, wewe ndiye mtu wa huku. Unaonaje?"

Aliulizwa hivyo hivyo, waziwazi. Mtu asije akasema hakupewa nafasi.

"Naona kama mlivyoona," akajibu.

Kwenye kile kisanduku akaandika mbili kati ya kumi. Kibanda kikawa cha Deogratias, akabidhiwe ufunguo Jumamosi ya wiki ya tatu.

Wiki ya kwanza Hildegarda alijiambia kwamba hakusema uongo. Ni kweli, aliona kama walivyoona. Wiki hiyo hiyo alishona mikono ya gauni la mteja ikaangalia nyuma, kosa ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Mteja alipolivaa wakabaki wanatazamana.

"Mama Hilda, mimi natembea kinyumenyume siku hizi?"

"Nisamehe mwanangu. Akili haipo."

"Iko wapi?"

Ilikuwa stendi, ndiko ilikokuwa. Kila akipita alimwona Naisenya na ndoo yake ya mtindi, ameifunika kitenge kilicholoweshwa maji, anaisogeza sogeza kufuata kivuli cha malori. Hildegarda akawa anapita upande wa pili wa barabara. Kanisani alipofika pale pa kuungama na kujipiga kifua, alijipiga kwa nguvu mpaka jirani akamtazama.

Wiki ya pili alikwenda Ulaya siku ya gulio, amebeba sare alizoshonea wanafunzi. Alikuwa anazipanga kwenye turubai alipomwona Seleina. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini ni yeye. Amekaa kwenye gunia lililokunjwa, mbele yake vibuyu vya kuuza. Hildegarda alikuwa anajiuliza kama aende, mara akatokea Naisenya kutoka upande zilikoegeshwa baiskeli, na Seleina akamwita, "Mjukuu wangu!"

Naye akaelewa. Naisenya alikuwa mjukuu wa Seleina.

Bibi alipomwona mjukuu akanyoosha mkono, kiganja kikatazama chini, kinasubiri kichwa. Naisenya akasimama wima. Akamtazama bibi yake usoni, akasema kwa sauti, kama mtu anayesoma risala, "Shikamoo bibi!"

Kiganja kikabaki hewani. Watu wawili waliokuwa wakichagua vibuyu wakageuka. Seleina akautazama mkono wake mwenyewe, akaushusha taratibu magotini.

Hildegarda aliacha sare pale pale kwenye turubai. Miguu ilimpeleka kabla hajajua atasema nini.

"Shikamoo mama Seleina. Ni mimi, Hilda wa ng'ambo ya korongo."

Bibi akakunja macho, akamtambua. "Hilda. Umenenepa."

Naisenya alimtazama Hildegarda usoni, macho makavu. "Shikamoo mama. Siku hizi nasalimia. Nimejifunza."

"Nani kakufundisha?"

"Nyinyi. Shuleni nilikuwa naamkia kama kila mtu. Siku ile koko, bibi yangu, ndiye aliyeniambia, siku ya jambo zito usiwaamkie wakubwa kwa midomo tu, wape kichwa chako." Alimwonyesha bibi yake kwa kidevu. "Nikawapa. Hamkukitaka. Basi na yeye sasa namwamkia kwa midomo."

"Naisenya," Hildegarda akasema. "Wale wenzangu hawakujua. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua unasubiri nini. Wakaniuliza, nikanyamaza. Kosa halikuwa lako wala la bibi yako."

Pembeni mtu alikuwa anabishana bei ya kuku, na kelele zake ziliwajia vizuri sana.

"Kwa nini?" binti akauliza.

Hildegarda akasema yote: shamba, maboga, baba yake na presha. Kadiri alivyokuwa anasema ndivyo yalivyozidi kuwa madogo, mpaka alipomaliza akaona aibu hata ya maboga. Seleina alikuwa amesikiliza. Kiswahili anakijua, lakini akikasirika anarudi kwenye lugha yake. Alisema maneno machache kwa Kimaasai, hakupaza sauti.

"Koko anauliza," Naisenya akasema, "wale ng'ombe masikio yao yalikuwa yamekatwaje?"

"Masikio?"

"Kila ukoo unakata sikio la ng'ombe kwa alama yake. Ukiona sikio unajua mwenyewe ni nani."

Hildegarda alizaliwa pale, akakulia pale, na hakuwahi kulijua hilo. "Hatukutazama," akasema.

Bibi akasema tena. Safari hii Naisenya alisita kidogo kabla ya kutafsiri.

"Anasema, basi hata hujui uliyemchukia."

Jumatano haikuwa mbali lakini Hildegarda hakuisubiri. Jioni ile ile aliposhuka Mikumi alikwenda kwa Mzee Lupakisyo, akamkuta anamwagilia mchicha. Akamweleza akiwa amesimama. Mzee akaweka chini kopo la maji.

"Ulijua."

"Nilijua, mzee."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mimi nilimwandikia mtoto wa watu hana adabu," mzee akasema, na ilionekana hayo yanamuuma yeye kuliko aliyoambiwa. "Miaka thelathini na nne ya ualimu. Fomu yako nitaichana. Na kusaili hutasaili tena."

Usaili ukarudiwa, Hildegarda akiwa nje. Nafasi yake alikaa Selestina, muuguzi wa zahanati. Naisenya alikubali kuja, lakini alimtumia Mzee ujumbe kabla: nitakuja, kuinama siinami. Akaingia, akaamkia, akaeleza mtindi wake na wale wanawake kumi na mmoja wanaoshauriana, na safari hii wakamuuliza maana ya kushauriana wakasikiliza jibu. Deogratias naye alisema vizuri kama mara ya kwanza, akidhani ni taratibu tu za klabu. Ila vitunguu haviharibiki saa saba mchana, na maziwa yanaharibika. Wote watatu wakamwandika Naisenya.

Mzee Lupakisyo alitaka kumpigia Deogratias simu. Hildegarda akaomba aende yeye, kwani yeye ndiye aliyelianzisha.

Alimkuta kibandani. Mlango ulikuwa haujafunguliwa, ufunguo alikuwa hajapewa, lakini kijana alikuwa juu ya ngazi amekwishapaka bati lote la mbele rangi ya zambarau, anamalizia herufi za VITUNGUU SAFI MALOLO. Alikuwa amefika kwenye M.

"Mama Hilda, karibu. Hii rangi unaionaje? Si kama kitunguu chenyewe?"

"Deo mwanangu, shuka kwanza."

Alishuka, akasikiliza brashi ikiwa mkononi. Rangi ilimtonea kwenye kiatu asione.

"Kwani mimi kosa langu lipi, mama?"

"Huna kosa. Kosa ni langu."

"Naisenya simchukii. Anafaa. Lakini mimi mlishaniambia." Alitazama zile herufi. "Mlishaniambia, mama."

Hildegarda alikuja na maneno ya kumfariji, ameyapanga njia nzima kama vitambaa kwenye rafu. Yote aliyaona hayafai. Alikuwa amemkosea mmoja kwa kunyamaza, na sasa kwa kusema amemkosea wa pili, na huyu wa pili hata ng'ombe hana.

"Niambie nifanye nini," akasema.

Deogratias akafikiri. Hakuwa kijana wa maneno makali, na labda ndiyo maana alichosema kilimwingia.

"Mama yangu ameshaiambia jumuiya nzima ya kanisa kule kijijini. Walimwimbia. Jumapili nzima kijiji kinampa mkono. Mimi siwezi kwenda kumwambia eti wamebadilisha, atadhani nimefanya jambo baya huku." Akaitumbukiza brashi kwenye kopo. "Nenda wewe. Kamwambie kama ulivyoniambia mimi, na jumuiya wakiwepo."

"Wote?"

"Si wote waliimba?"

Kesho yake asubuhi na mapema Hildegarda alifunga cherehani, akaandika kwenye mlango kwamba hayupo, akaenda barabarani kusubiri gari la Malolo.