Fungu Lililobaki

Mara ya kwanza Mama Mipango alipoingia ghalani kwangu, salamu yake ilikwenda ukutani kabla ya kunifikia mimi. Aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akaenda kugonga wa pili. Nilimwacha amalize. Mwenye kusifu tu najua hana haja. Huyu alikuwa anatafuta kasoro, kwa hiyo alikuwa mteja.

"Linavuja wapi?" akaniuliza.

"Halivuji, dada."

"Mdogo wangu, niambie tu wapi, nisije nikamweka mzee wa watu chini ya bomba."

Nikamwonyesha pale pembeni.

Alikuwa akisimamia huduma za jamii katika baraza la mji: wazee, watu wenye ulemavu, watoto wasio na pa kwenda. Jina lile walimpa makarani wenzake, kwa kuwa hata chai ya saa nne aliiandalia ajenda. Alitaka kuligeuza ghala langu kituo cha kutwa, ili watu wanaokwenda kazini wawaache wazazi wao pale asubuhi na kuwachukua jioni.

Nilipotaja kodi alicheka kama aliyetekenywa. Tukaanza kuvutana. Leo anakuja na choo, kesho na vumbi la kiwanda cha mbao kilicho nyuma, keshokutwa na mlango unaokwama, na kila kasoro anaidaia punguzo. Mimi nilianza biashara kwa misumari ya kuokota, nikiinyoosha kwa jiwe, na sikuwahi kukamuliwa namna ile. Nilikubali bei ya aibu, ila nikashikilia mkataba uwe wa mwaka mmoja tu.

Siku wanaingiza viti ndipo aliponieleza kisa chake. Alipokuwa mdogo, jirani yao alikuwa bibi aliyefungiwa ndani na mwanawe kila asubuhi. Yeye ndiye aliyempitishia chai kwenye nondo za dirisha. Ilibidi kutafuta kikombe kidogo, kingine hakipiti.

"Mtoto wa huyo bibi alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Mtu mzuri tu. Kibarua. Asipotoka hawali, akiacha wazi mama anapotea. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwekea mtu."

"Kwa hela zipi?"

Nikamsaidia kubeba viti.

Kituo kilijaa upesi. Upande wa mbele una dirisha pana linalotazama barabara, na hapo alijitawaza fundi cherehani mmoja mstaafu. Alikaa kutwa akihukumu nguo za wapita njia.

"Iangalie ile suruali," anasema. "Aliyeishona alikuwa na ugomvi na mguu."

"Wewe nawe," anamjibu bibi wa kiti cha pili. "Gauni langu la harusi lilifumuka kabla sijafika kwa mume."

"Nilimrahisishia kazi shemeji."

Mwaka wa fedha ulipokwisha, Mama Mipango akarudisha barazani fungu lililobaki. Sehemu kubwa ilikuwa lile punguzo la kodi alilonikamua mimi. Alirudisha kifua mbele, akitarajia kusifiwa, na kweli mhazini wa mji alimsifu mbele ya kikao kizima. Kisha bajeti mpya ilipotoka, alikuwa amekatwa kiasi kilekile alichorudisha, na kingine juu yake. Ndivyo baraza linavyohesabu: kilichobaki hukukihitaji, na aliyeweza kubana mwaka huu atabana na mwakani. Idara ya barabara, iliyomaliza fungu lake kwa kupaka rangi kingo zilizopakwa majuzi, iliongezewa.

Mkataba wetu nao ulikuwa unaisha, na muuza magodoro alishalitaka ghala zima kwa bei yangu ya mwanzo.

Mama Mipango alikuja, na safari hii hakugonga ukuta.

"Una mtu?" akauliza.

"Ninaye. Wa magodoro."

"Kwa ile bei yako?"

"Ile ile."

"Kwa hiyo wazee wangu wakafungiwe tena."

"Dada, hilo usiniwekee mimi mezani. Niwekee bei."

Hakununa. Alitoka, akavuka barabara, akasimama ng'ambo akilitazama ghala kama mtu anayechagua kitambaa. Fundi akampungia mkono dirishani. Aliporudi alikuwa keshapata alichokifuata.

"Huyo wa magodoro anataka nini hasa?"

"Barabara. Watu wayaone."

"Basi nyuma ni ya nini kwake? Mpe mbele. Nyuma hakuna atakayekupa kitu, nitakupa mimi hiki nilichobakiziwa. Halafu mwambie kila jioni watapita hapo watu waliotoka kazini, wamechoka, wanafuata wazazi wao. Wayaone hayo magodoro."

Nilimbana muuza magodoro kwa hoja hiyohiyo, akatoa karibu kodi yote kwa nusu ya ghala. Ukijumlisha na cha Mama Mipango, nilipata kuliko nilivyotaka tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata, mhazini akiwa amemwongezea fungu kwa kuwa lilikwisha lote, alikuja kufanya upya mkataba. "Sema bei yako," akaniambia. Nikaitaja kubwa, nikingoja acheke kama siku ile. Akasema sawa. Ila kwa bei hiyo alitaka vishikio chooni, mteremko wa viti vya magurudumu na dirisha la nyuma. Nikajenga. Siku hizi fungu lake linaisha lote, na mhazini anamwongezea kidogo kila mwaka. Hakuna mzee wa kituo aliyerudi kufungiwa. Mimi nina wapangaji wawili na ghala lililotengenezwa, ingawa yule wa kuvutana naye nimempoteza, analipa tu.

Aliyelipia yote hayo ni fundi. Dirisha lake jipya linatazama kiwanda cha mbao, na kule watu wote wamevaa ovaroli.

"Zote za duka moja," alinilalamikia juzi. "Mshono wa mashine, umenyooka. Sasa mimi niseme nini kutwa nzima?"

Nilimwambia amuulize bibi habari za gauni.

"Keshazimaliza hizo," akasema, akageuza kiti.