Siku Meneja Alipotuita Shambani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikufikiria, mwanangu Anjela, tangu uliponipigia simu kusema umekuwa mkurugenzi wa kiwanda hicho cha unga, na kwamba Jumatatu bodi itakuuliza mwenyewe unataka mshahara kiasi gani. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya bodi siyajui vizuri. Pengine nitakosea. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa binti, nashona midomo ya magunia kwenye mashine ya kusaga hapa Sumbawanga. Mwaka huo meneja wetu aliongezewa mshahara. Sisi tukaambiwa biashara ni ngumu, tuvumilie. Mwenzangu Teresia alikuwa na mtoto mchanga, na mwezi ukifika katikati alikuwa anaishi kwa uji wa asubuhi tu. Tulinung'unika, lakini chini chini.

Basi meneja akatuita tukamlimie kwao, njia ya Kaengesa. Desturi yetu unaijua: mtu akizidiwa na shamba anapika pombe ya ulezi, anaita watu, wanafukia majani kwenye matuta yaoze yawe mbolea, hakuna anayelipwa. Kesho na wewe unaitwa kwa mwenzio. Tukaenda. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, udongo mzito unang'ang'ania jembe. Yeye akabaki ndani ya gari, anakunywa bia yake ya chupa.

Mama yake, bibi mmoja mfupi, ndiye aliyeleta chungu cha pombe. Akatuangalia sisi, akaangalia gari, akaenda kugonga kioo.

"We baba, hawa watu umewaita au umewanunua?"

"Nimewaita, mama."

"Mbona jembe lako silioni?"

"Mama, mimi ni bosi wao."

"Huko huko mjini. Hapa kama hulimi nao, hao ni vibarua. Walipe, na mimi pombe yangu nairudisha ndani."

 Meneja akavua viatu, akakunja suruali, akaomba jembe. Alilima vibaya, maskini. Teresia, mtoto mgongoni, akashindwa kujizuia: "Bosi, hilo ni tuta au kaburi la paka?"

Tukacheka hadi majembe yakatutoka mikononi. Bibi akatugeukia na sisi. "Msimcheke. Kichwa chake ndicho kinachowatafutia wateja. Ni mikono tu imesahau."

Nikaona aibu kidogo. Kweli yule baba alihangaika na benki siku ambazo sisi tulikuwa tunapumzika.

Jioni alikunywa nasi chungu kimoja. Akakaa karibu na Teresia, akamwuliza polepole, mwisho wa mwezi unakula nini? Teresia akamwambia. Meneja akabaki anamtazama yule mtoto.

Mwezi uliofuata tuliongezewa. Si sana. Nyongeza yake aliipunguza, ingawa bado alitupita mbali. Kama ni maneno ya mama yake, au aliogopa tutagoma, siwezi kuapa. Ila Teresia alianza kula mchana, hilo nililiona kwa macho yangu.

Mwanangu, sisemi ulipwe sawa na anayefagia. Umesoma, na kiwanda kikianguka utaulizwa wewe. Chukua zaidi, ni haki yako. Lakini kabla ya Jumatatu shuka kwa wanaopakia unga. Usiwaite ofisini, nenda wewe. Kaa nao, uwaulize wanakula nini mwezi ukiisha, na wakikujibu usiwakatize. Kisha utaje kiasi unachoweza kukitamka mbele yao bila kuangalia pembeni. Ukishindwa kukitamka, kipunguze, uiambie bodi kilichobaki kiende kwao. Wakikuona mjinga, mimi mama yako sitakuona hivyo.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka hiyo Jumatatu, akupe na usingizi mtamu baada yake. Na watoto watakaoshiba kwa ajili yako, hata wasipokujua, wawe baraka juu ya nyumba yako.