Kiatu Kilichovuka Mto

Hivi wewe, umeshawahi kumchinjia mtu mbuzi, akala mpaka akalegeza mkanda, halafu akaondoka bila kuuliza hata umemwitia nini? Mimi nimemchinjia. Mpaka leo nikikumbuka nasikia moto hapa kifuani.

Ilikuwa hapahapa Kariakoo, enzi za Mwingereza, mwaka ule watu walipopiga kura mara ya kwanza. Mimi sikupiga. Walitaka uwe umesoma, au una mshahara, na mimi muuza vitumbua, darasa nimelionja tu. Lakini tulikuwa na chama chetu cha kina mama, Wazaramo wa mtaa mmoja. Tunakusanya chumvi, dawa ya homa, nguo za watoto, tunapeleka kijijini kwetu, ng'ambo ya mto. Masika ikifika hatuvuki. Tunakaa ukingoni na mizigo yetu, tunatazamana na ndugu zetu kama watu waliogombana. Daraja hakuna. Hospitali iko huku, watu wako kule.

Mdogo wangu, aliyeolewa kulekule kijijini, ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi. Masika iliyopita alishikwa na uchungu, wakambeba kwenye kitanda cha kamba, wakafika mtoni, maji yamejaa. Wakangoja yapungue. Mtoto akafia tumboni palepale ukingoni. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na masika nyingine inakuja.

Tukasema, si kuna mjumbe kachaguliwa kwenda Baraza la Kutunga Sheria? Tumwite. Sisi na vitumbua vyetu tutajenga daraja?

Akaja. Suti nyeupe, viatu vyeusi vinang'aa, unaweza kujitazama meno. Tukavaa kanga za sare, vigelegele, pilau ikapakuliwa. Na hapo ndipo tulipojiponza. Maana kwetu mgeni haelezwi shida akiwa anakula. Ngoja anawe, ngoja anywe kahawa, ndipo mkubwa wenu aseme. Basi tukangoja. Bwana akala. Akaongezwa, akala. Akanawa, akatazama saa, huyoo kasimama.

"Akina mama, nimefurahi sana. Endeleeni na moyo huohuo."

Moyo gani? Gari hilooo, tumebaki na vumbi! Mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene muuza samaki, hotuba imemkwama mdomoni.

Nikamwambia, "Dada, huyu kala daraja letu."

"Nyamaza, nisije nikalia mbele za watu."

Tukamfuata ofisini kwake. Hayupo. Tukarudi. Yuko kwenye mkutano. Tukarudi tena, mlinzi akatuuliza kama tunauza samaki.

Mungu si wetu peke yetu jamani, lakini siku ile alikuwa upande wetu. Kukatokea msiba mtaa wa Gerezani, kafa mzee mmoja wa reli, na mjumbe akaja kuhani. Sasa ujue, kabila lake na letu ni watani. Na mtani kwenye msiba unamjua: atakunyang'anya kofia, ataingia kaburini agome kutoka mpaka apewe kitu, na wewe ukinuna ndiyo umejiaibisha. Akavua viatu mlangoni kama watu wote, akaingia kukaa mkekani. Mimi nikachukua kimoja, nikakifunika na kanga.

Kutoka, anatafuta. Anainama, anainuka. Dereva wake akaanza, "Mwizi! Nani kaiba?"

"Acha kelele wewe," nikamwambia, "mimi na bwana wako watani. Mtani, unatafuta nini? Au umesahau kama ulivyotusahau sisi?"

Watu vicheko. Yeye naye ikabidi acheke, atafanyaje? Akaingiza mkono mfukoni. "Haya mtani, shika shilingi ujikomboe na njaa."

"Shilingi kawanunulie wanao mkate. Kiatu chako Jumapili kinavuka mto. Ukikitaka, kifuate."

Angekataa, mji mzima ungemcheka mpaka anazeeka. Jumapili akaja, kavaa makubazi. Mwenyekiti alishatangulia kuvuka, kiatu kichwani kama mtungi. Bwana akasimama ukingoni. "Basi mtani, mto nimeuona."

"Umeuona, ndiyo. Kiatu kiko kule."

Akakunja suruali. Kukunja kwenyewe kazi bure, katikati maji yalimfika kifuani, na hicho kilikuwa kiangazi! Akatoka, nguo zinachuruzika maji. Mdogo wangu akampa kiatu kwa mikono miwili, na tumbo lake lile.

"Pole, bwana. Leo maji yamelala haya. Uje masika uyaone yakisimama."

Safari hii hakusema moyo. Akamtazama yule mwanamke, akatazama mto, akavaa kiatu juu ya matope. Hazikupita siku nyingi mbao zikaja kutoka kwake, na misumari, wanaume wa kijiji wakajenga. Masika ilipoingia, mdogo wangu alivushwa juu ya daraja, kitanda mabegani. Akajifungua hospitali, mtoto wa kiume, analia kama kachomwa mwiba.

Usishangilie lakini. Daraja la mbao lile, masika mbili tu, likaondoka na maji. Bwana tukamtafuta tena, hayupo. Wakaja wengine baada yake, na wote pilau wanaijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa nini mtu mzima niibe kiatu ndipo nionekane? Mdogo wangu, na yule mtoto wake wa kwanza, hawakutosha?

Sasa sikia. Yule aliyezaliwa hospitali kazaa, na mwanawe, mjukuu wangu huyo, anataka ubunge wa kulekule kwetu. Juzi kaja kuniaga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Viatu umeviacha mlangoni?"

Akageuka mbio kuvitazama, kumbe hadithi anaijua! Nikacheka mpaka machozi. Halafu nikamkazia macho, nikamuuliza wakimwita kwenye sahani atafanyaje. Akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, nakuahidi, sitatia tonge la mtu mdomoni kabla hajanipeleka mtoni kwake. Na nitavuka kwa miguu yangu mwenyewe, masika, si kiangazi."