Sidii Iliyong'aa Kuliko Zote

Neno lenyewe lilikuwa fupi: haya. Mke wangu alikuwa amesimama uani na gunia la sidii mbovu. Akaniona nimeshika mkasi wa kukatia bati, akasema, "Mzee, hiyo usiikate. Ndiyo inayong'aa kuliko zote. Tukaitundike shambani itishe ndege." Nami nikasema haya. Ningesema hapana, hasara yake ingekuwa punje chache za mpunga kwa ndege, basi.

Sidii ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtani wangu, Myao wa Nalasi aliyehamia mtaani kwetu Mfaranyaki wakati sote wawili tulipokuwa bado na meno. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo kila asubuhi akipita mbele ya studio yangu ya picha za video alinisalimia, "Mtumwa wangu, umeamka?" Nami nikamjibu, "Nimeamka. Nimeota nakuuza sokoni, watu wamekuangalia meno wakaondoka." Majirani walizoea. Zikipita siku mbili bila sisi kutukanana, waliuliza kama kuna mgonjwa.

Siku moja kweli alikuwa mgonjwa. Malaria ilimpanda kichwani, akaamini anakufa, akaniita na kamera yangu. Nilimkuta kitandani amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia, ananiuliza kama mwanga unatosha. Akatoa wasia wake. Aliusia kuhusu mikorosho, kuhusu dada zake, hata kuhusu jogoo. Alipofika kwa mwanawe wa kiume, ambaye siku hizo alikunywa pombe mpaka akauza mabati ya nyumba ya baba yake, sauti ilibadilika. "Huyu simhesabu," alisema. "Nikifa, asishike koleo kwenye kaburi langu."

Nilibani wasia ule kwenye sidii moja, nikaandika juu yake kwa wino mzito: Mtani, nyumbani. Kesho yake homa ilishuka, akaagiza ugali na kuku. Nilimwambia anirudishie machozi yangu.

Miaka ikapita. Kijana akaacha pombe, akapata pikipiki ya bodaboda, akapata na mchumba. Baba na mwana wakawa wanakula sahani moja. Ndipo mtani alipokuja studio na ile sidii, ameifunga kwenye gazeti.

"Mtumwa, kwenye kompyuta yako imebaki?"

"Nilishaifuta zamani."

"Basi na hii iue. Mwanangu anaoa baada ya mavuno. Sitaki asikie hata kikohozi changu cha siku ile."

"Kikohozi ndicho kitu kizuri pekee kilichomo."

Hakucheka. "Mtani, nakuomba," alisema. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu bila kunitukana kwanza. Nikamwahidi.

Na kazi hiyo niliijua vizuri. Sidii unaiingiza ndani ya gunia, unaikatia humo humo vipande vidogo ili visikurukie machoni. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, unaanza kwa kukwangua upande wa juu, ule wa maandishi, kwa sababu picha na sauti zimekaa chini kidogo ya rangi ile, kwenye utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Utando huo ukikwanguka, hakuna kitu tena. Upande wa chini ni plastiki tu, na mikwaruzo yake mtu anaweza kuisugua ikatoka. Mimi mwenyewe nilisugua sidii nyingi za wateja kwa dawa ya meno, harusi zao zikafufuka, wakaniita daktari.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini siku ile mke wangu aliponizuia na mkasi, nilikuwa nafunga studio, maana watu walishahamia kwenye simu, na badala ya huzuni nilijikuta nimejaa furaha ya ajabu kama mtoto aliyefunga shule. Nilichukua msasa, nikaitia ile sidii mikwaruzo michache kwa chini, kutoka katikati kwenda nje. Sikuisugua sana, nisije nikaiondolea mng'ao. Mke wangu hakujua kilichomo na sikumwambia. Kosa hilo ni langu peke yangu.

Shamba letu la mpunga liko bondeni, barabara ya Namtumbo. Tulifika na gunia letu, kamba na miti, tukatundika sidii kila mahali. Jua lilipopanda, shamba zima likalipuka kwa mwanga! Ndege waliruka wote kwa mpigo, wakazunguka juu wakipiga kelele kama wapangaji waliofukuzwa. Mke wangu alifunga kanga vizuri, akaanza kucheza katikati ya mpunga, vidoti vya mwanga vinamkimbilia usoni. Nami nikacheza. Mgongo wangu ulinikumbusha umri, nikauambia unyamaze. Bodaboda walisimamisha pikipiki barabarani kutuangalia.

"Mzee, hapo kuna disko au kilimo?" mmoja akapaza sauti.

"Kiingilio ni jembe!" mke wangu akamjibu.

Wiki ile ile mtani alikuja mwenyewe kuona. Alisimama kwenye tuta, mkono juu ya macho. "Wangoni mmeshindwa kuamia ndege kwa kombeo, mnawafanyia harusi!" Alicheka mpaka akashika mti ili asianguke. Ile sidii yake ilikuwa inazunguka hatua tano tu kutoka kwake. Nilicheka pamoja naye, kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Angalau hapo ningeweza kuikata kamba na kumaliza kazi. Niliona ni kuharibu siku nzuri.

Mavuno yakaja, na mpunga ulikuwa mwingi. Yule kijana wa mtani alikuja na pikipiki yake, bila kuitwa, kutusaidia kubeba magunia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Bwana harusi anabeba magunia?"

"Nafanya mazoezi ya kumbeba bibi harusi." Tukacheka wote, na mke wangu akamjazia kikombe cha togwa. Jioni, wakati wa kuondoka, aliuliza kama anaweza kuchukua sidii moja aifunge nyuma ya pikipiki. Nilikuwa nimempa mgongo, nafunga mdomo wa gunia huku naimba. "Chukua yoyote!" nikapaza sauti. "Zote zimekufa hizo!"

Alichagua iliyong'aa kuliko zote.

Baada ya siku mbili alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuegemea. Aliniambia kwamba alisoma maandishi yangu juu ya sidii, akadhani ni sherehe ya kwao, labda marehemu mama yake yumo anacheza. Akaisugua kwa dawa ya meno kama alivyokuwa akiniona nikifanya studio. Akaiweka kwenye deki, akamwita mchumba wake aje amwone mama mkwe.

"Inakwamakwama, baba mkubwa," alisema. "Lakini pale kwenye koleo imepita vizuri kabisa."

Nilimweleza kila kitu: homa, hasira ya siku moja, gazeti, jinsi baba yake alivyoniomba. Alisikiliza kwa adabu. Akaaga kwa adabu.

Nilikwenda kwa mtani jioni hiyo hiyo nikakiri. "Uliniahidi utaiua," alisema. Na kweli nilimwahidi.

Kijana alioa Tunduru na baba yake hakualikwa. Tangu hapo hajarudi Mfaranyaki wala hapigi simu. Mtani bado anapita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, taratibu kuliko zamani. "Habari za asubuhi," ananiambia, kama anavyomwambia mtu yeyote, anapita. Mara moja nilijaribu kumwita mtumwa wangu. Hakugeuka.

Sidii ile ilimpotezea rafiki yangu mwanawe, na mimi ilinipotezea rafiki yangu.