Sinki la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipopigwa kiharusi, upande wa kushoto ukalala, alitoa sharti moja tu la kurudi nyumbani kutoka hospitali: ataoga mwenyewe. Waliokaa ukweni watanielewa. Kwetu mke wa mwana hata kukaa benchi moja na baba mkwe ni jambo la kufikiria, sembuse kumwosha. Mume wangu anaendesha watalii Ngorongoro, wiki nzima hayupo. Mama mkwe tulishamzika. Tuliobaki pale Karatu ni mimi na mzee.

"Kuliko nioshwe na mkwe," aliniambia, macho chini, "heri nife."

Basi kila asubuhi alijikokota hadi bafuni, akaegemea sinki la kunawia, akajiosha humo humo. Mimi nasimama koridoni nasikiliza. Nikisikia maji yanatembea, moyo unatulia.

Kisha sinki likaanza kuvuja. Westi, kile kipande cha chuma kwenye tundu la kutolea maji, ilikuwa imeoza. Sakafu ikalowa, mzee akateleza. Nilimsikia akianguka na sikuweza kuingia. Nilirusha khanga ya kujisitiria kupitia upenyo wa mlango, nikakimbia kumwita jirani mwanamume aje amwinue. Njiani nililia, na wala haikuwa huruma. Zilikuwa hasira: za mila, za chuma kibovu, za mume aliyekuwa anawaonyesha Wazungu faru.

Nikanunua westi mpya. Mafundi wote walikuwa Mang'ola kwenye pampu za mashamba ya vitunguu. Potelea mbali, nikasema, nati ni nati. Nikalala chali chini ya sinki na spana ya kuazima, nikavuta. Nati ikazunguka, na westi nayo ikazunguka huko juu, pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Nikamwagia mafuta ya taa, nikavuta tena. Wapi!

"Hiki kidudu nani alikifunga?" nikafoka peke yangu.

"Mimi," sauti ikajibu mlangoni.

Nilikuwa nimesahau. Miaka yake yote alikuwa fundi bomba kwenye shamba la kahawa, Oldeani. Westi ile aliifunga mwenyewe, kwa katani na rangi ya mafuta.

"Niliifunga isifunguke," akasema. "Hapo peke yako utakesha. Mmoja ashike juu, mwingine afungue chini."

Jirani alikuwa ameshaenda kazini; wa kushika juu alikuwa yeye tu, na bafu lile halitoshi watu wawili wanaoheshimiana. Aliingia, akasimama, miguu yake karibu na kichwa changu, na mimi mkwe wake nimelala sakafuni. Nilifumba macho kwa aibu. Akaingiza praizi kwenye tundu, akaibana westi kwa mkono wake mzima.

"Usivute kwa hasira, mama. Kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue."

Nikakaza. Kitu kikalia. Nikafungua, nati ikaja, kutu na rangi kavu vikanimwagikia usoni. Ile mpya niliishika mimi, yeye akaizungushia katani na kuipaka rangi kwa vidole. Tukaifunga. Maji yakapita, chini pakabaki pakavu. Nikanawa harakaharaka, nikageuka nitoke nimwache na bafu lake.

"Ngoja," akasema.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa rangi na kutu mpaka kifundoni. Aliuweka chini ya bomba, akaugeuzageuza, akausugua kwenye ukingo wa sinki. Rangi haikutoka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulifikiria siku zote nilizosimama koridoni: mkono ule ulikuwa unaosha mwili mzima, na wenyewe haukuwa na wa kuuosha.

Akaninyooshea, uso ameugeuzia ukutani. Nikachukua sabuni.